Mambo ya Nyumbani: Robota la Mtumba na Daftari ya Nyumba



Mshahara wa mwalimu hupokewa mwisho wa mwezi, na katika nyumba nyingi tunazozijua, ifikapo tarehe 15 fedha hiyo imekwisha kuwa habari ya zamani. Ndipo mume na mke hukaa usiku wakahesabu, na baada ya kuhesabu mmoja husema, "Tufanye biashara kidogo." Na biashara iliyo karibu na mkono, isiyotaka duka la mawe wala cheti cha chuo, ni biashara ya nguo za mtumba. Wako walioanza wakafaulu, wakalipa ada za watoto wao kwa faida yake. Wako pia waliotoa akiba ya mwaka mzima, au waliokopa katika chama cha akiba na mikopo, nao leo wana rundo la makoti mazito chini ya kitanda, na deni juu yake. Mwezi huu twataka kutazama kwa nini watu wawili wanaonunua siku moja katika soko moja hufikia miisho iliyo mbali hivyo. Maana tumelichungua jambo hili, na twaona kwamba si bahati.

Neno lenyewe ni la zamani kuliko biashara hii. Katika siku za misafara mtumba ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa barabara, mpagazi akauchukua begani toka pwani hata bara. Siku hizi jina limehamia nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, ambazo nazo huja zimefungwa na kushindiliwa vivyo hivyo. Watu wa Uganda huziita mivumba, Wanyarwanda huziita caguwa, na jirani zetu wa Zambia huziita salaula, yaani kupekua-pekua katika lundo. Katika Tanzania lilikuwako na jina la dhihaka, kafa Ulaya, kwa kuwa watu walidhani ni nguo za marehemu. Hawakuweza kufahamu mtu mzima, aliye hai na mwenye akili, atawezaje kutoa shati lisilo na tundu hata moja. Lakini dhihaka haikuzuia kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu sana nchini, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile ya 1980 mitumba iliingia kwa wingi, wala haijatoka hata leo. Ukienda Karume katika Dar es Salaam, au Gikomba katika Nairobi, utaona mwenyewe.

Yafaa tujue pia nguo hizi hutoka katika mikono gani. Mwaka 1902, katika mji wa Boston huko Marekani, mchungaji mmoja wa Kimethodisti, Edgar J. Helms, alikuwa na kanisa katika mtaa wa maskini, wengi wao wageni waliotoka nchi za mbali kutafuta kazi. Akaenda kwenye nyumba za matajiri na gunia, akaomba nguo na vyombo walivyokwisha kuviacha. Walakini hakuvigawa bure. Aliwaajiri maskini wenyewe kuvishona na kuvitengeneza, kisha vikauzwa kwa bei ndogo, na fedha iliyopatikana ikawa mshahara wa wale walioshona. Hivyo ndivyo lilivyoanza shirika linaloitwa leo Goodwill, lenye maduka katika kila pembe ya Marekani. Katika Uingereza shirika la Oxfam lina maduka ya namna hiyo pia. Nguo nyingi zinazotolewa huko hazinunuliwi na watu wa huko. Huchambuliwa, zikashindiliwa kwa mashine, zikafungwa kwa ukanda, zikapelekwa ng'ambo melini. Robota tunalolifungua sisi ni sehemu ya masazo hayo.

Twawaomba mkumbuke jambo moja katika habari ile ya Boston, maana ndilo tunalotaka kulinena: shati kuukuu lililetwa, likashonwa, ndipo likauzwa. Kati ya kulipata na kuliuza palikuwa na sindano. Wengi wetu tumeuruka mlango huo wa katikati. Twanunua leo, twauza kesho, kisha twashangaa kwamba faida ni nyembamba kama uzi.

Wala kushona nguo kuukuu si aibu ya maskini peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walinunua nguo kwa kuponi, tangu Juni 1941 hata Machi 1949, na serikali yao iliwafundisha watu kugeuza kola, kutia viraka, na kukata koti la baba kuwa koti la mtoto. Shuka iliyochakaa katikati ilipasuliwa kwa urefu, pembeni kukashonwa katikati, ikatumika tena. Bibi mwenye cherehani anaweza kufanya hivyo leo kabla jua halijafika utosini.

Basi tuje kwenye hesabu. Hatusemi kwamba bei hizi ndizo za soko lenu. Bei hupanda na kushuka, na kila soko lina yake. Tunatoa mfano tu, ili macho yaone.

Tuseme mwalimu na mkewe wamenunua robota, au belo kama wafanya biashara wasemavyo, la mashati ya kiume, uzito wake kilo 45, kwa Sh. 400,000. Wamelifungua nyumbani, wamehesabu mashati 200. Mioyo yao imefurahi: kila shati limewagharimu Sh. 2,000! Lakini robota hununuliwa limefungwa, na aliyelifunga hayuko. Baada ya kuchambua wanaona mashati 40 mazuri, ambayo yatauzwa Sh. 6,000 kila moja. Mashati 100 ya kadiri, Sh. 2,500, na mashati 60 yenye madoa, au makubwa kupita kiasi, au yaliyochanika, ambayo yatamwagwa chini kwa Sh. 500 kila moja. Jumla ni Sh. 240,000, na Sh. 250,000, na Sh. 30,000, yaani Sh. 520,000. Mke asema, "Tumepata 120,000." Bado. Gari na mchukuzi Sh. 20,000. Sabuni na makaa ya pasi Sh. 15,000. Kibanda na ushuru wa soko Sh. 30,000. Zimebaki Sh. 55,000, nazo si haba kama zingebaki kweli.

Hazibaki. Mwalimu mwenyewe amechukua mashati matano katika yale mazuri, "maana ni yetu." Shemeji amechukua mawili, atalipa. Mzee wa kanisa amechukua moja, na ni nani atakayemdai? Majirani watatu nao wamechukua moja moja mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi umepita. Mashati matano ya mwalimu ni Sh. 30,000, sita ya mkopo ni Sh. 36,000. Mwisho wa yote nyumba imepata hasara ya Sh. 11,000, na hakuna mwizi aliyeingia. Tena tazameni mashati yaliyoondoka ni yapi: hapana mtu anayekopa shati lenye doa. Yote 11 yametoka katika yale 40 yaliyokuwa yabebe robota zima.

Watu wa pwani husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwa habari ya mtumba kwamba daftari hiyo iwe na ukurasa wa nyumba yenyewe. Baba akitaka shati, na alinunue kwa bei ya mteja, fedha itoke katika mfuko wa mshahara, iingie katika mfuko wa biashara, iandikwe na tarehe yake. Watu hucheka wakisikia neno hili: mtu atajiuziaje shati lake? Na wacheke. Mfuko usiowatambua ndugu ndio unaodumu. Bibi mmoja tunayemjua huweka fedha ya biashara katika kopo lake mbali, na kila mtu nyumbani anajua kwamba kopo lile halina uhusiano na chumvi wala mafuta ya taa.

Kwa mwenye fedha kidogo sisi twaona heri asianze na robota. Na aende asubuhi na mapema kwa wale wanaofungua marobota, achague moja moja. Ni kweli kwamba aliyechagua hulipa zaidi kwa kila shati. Lakini anaona anachonunua. Tuseme amechagua nguo 20 kwa Sh. 2,500 kila moja, ndiyo Sh. 50,000. Vifungo, uzi na sabuni Sh. 6,000, nauli Sh. 4,000. Ametoa Sh. 60,000. Amezifua, amezishona, amezipiga pasi, ameuza 16 kwa Sh. 5,000, na nne zilizokawia ameziachia kwa Sh. 2,000. Amepokea Sh. 88,000, faida Sh. 28,000. Si nyingi, na siku mbili za mikono yake zimo ndani yake, wala asijidanganye kwamba siku hizo zilikuwa bure. Lakini amehatarisha Sh. 60,000, si 400,000. Na kosa la Sh. 60,000 nyumba ya mwalimu huweza kulisahau.

Sasa, kuchagua ni elimu, nayo hufundishika. Wengi huangalia rangi kwanza, na muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana nguo za rangi kali huziweka juu. Wewe anza na kola, halafu mikono mahali pa vifungo, halafu makwapa, maana hapo ndipo nguo inapokufa kwanza. Suruali itazame mapajani kwa ndani na makalioni. Iinue juu uelekee jua, na kitambaa kilichokonda kitakuonyesha nuru kama chujio. Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Mpira wa kiunoni uvute karibu na sikio: ukilia kama majani makavu, umekwisha, hautarudi. Kitu chenye mpira uliokwisha kinaweza kununuliwa, ila bei ya mpira mpya na saa ya kuutia iondolewe kwanza katika bei.

Viatu ni mtego mkubwa zaidi. Viko viatu vyenye soli nyepesi ya povu, vinaonekana vipya kabisa, hata vumbi havina, kwa sababu vilikaa kabatini miaka mingi. Soli ya namna hiyo huoza kwa unyevu wa hewa hata isipovaliwa, na siku ya tatu itamegeka kama mkate. Ikunje kwa nguvu, ibonyeze kwa ukucha. Ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga, kirudishe kiatu mahali pake.

Jueni na kitambaa. Kama kibandiko cha maandishi kimekatwa, chomoa uzi mmoja katika upindo, uwashe kwa kiberiti mbali na nguo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua. Poliesta huyeyuka na kuwa punje ngumu. Jambo hili lina faida katika kufua: sufi ukiitia katika maji ya moto hujikunja, na sweta la mtu mzima linatoka katika beseni likiwa la mtoto wa chekechea, na poliesta ikiguswa na pasi kali hung'aa mahali pale daima, kama kovu. Pamba huvumilia karibu kila kitu, na kwa sababu hiyo, hasa kwa joto la pwani, ndiyo tunayoipenda.

Madoa yataka subira. Doa la damu lifuliwe kwa maji baridi, kamwe si ya moto. Doa la mafuta lisuguliwe na sabuni kavu kabla ya kulowekwa. Na doa lolote ambalo halijatoka lisipigwe pasi, maana moto hulifunga ndani. Lakini nguo safi ipigwe pasi yote, na mishono yake, na mkanda wake. Hili si pambo tu. Yuko inzi ambaye hutaga mayai katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa mahali penye kivuli, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mtu na kufanya majipu. Joto la pasi huyaua. Anikeni juani, kisha pigeni pasi. Nguo za ndani zilizotumika msinunue wala msiuze. Katika Tanzania Shirika la Viwango linakataza, na hata kama lisingekataza, kuna mambo ambayo ubahili haufai kuyafikia.

Twafika kwenye neno ambalo baadhi ya wafanya biashara hawatalipenda. Kiraka kilichoshonwa vizuri kionyeshwe kwa mnunuzi kabla hajalipa. Mfundisheni mtoto anayesaidia kuuza aseme, "Mama, hili lilichanika hapa, tumelishona, kwa hiyo bei yake ni hii." Twajua soko lina desturi nyingine: shati hukunjwa ili doa liwe ndani. Anayeuza mjini kwa wapita njia huenda asimwone tena mnunuzi wake. Mwalimu na mkewe huuza kwa watu watakaoonana nao Jumapili. Akina mama watatu wakidanganywa, kijiji kizima kimesikia kabla ya jua kuchwa. Na watakaposema, hawatasema habari za shati tu.

Tena mwalimu asiwauzie wazazi wa watoto anaowafundisha, isipokuwa wamekuja wenyewe kibandani. Nguo zisipelekwe shuleni. Mzazi aliyeonyeshwa blauzi na mwalimu wa mwanawe hawezi kusema "sitaki" kwa moyo mweupe. Atanunua, naye atanung'unika barabarani. Biashara iwe mikononi mwa mke, au ndugu, na kibanda kiwe sokoni pamoja na vibanda vya watu wengine. Baadhi ya wenzetu wamesema tunakaza kamba mno katika jambo hili. Hatulegezi.

Kuna waliotuuliza kama si dhambi juu ya nchi kuuza mitumba, maana viwanda vyetu vya nguo vimedhoofika. Swali hili ni la haki. Urafiki, kiwanda kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilivisha watu wengi katika siku zake. Mwaka 1016 wa Mola hatuutafuti. Twatazama 2016 tu, ambapo wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipatana kuiondoa mitumba kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitatu. Wafanya biashara wa Marekani wakalalamika, na nchi zilizokuwa na hofu ya kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa zao huko bila ushuru zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi: iliongeza kodi toka senti 20 za dola kwa kilo hata dola 2 na senti 50, na mwezi wa Julai 2018 Marekani ikaiondolea nguo za Rwanda nafasi ile. Hayo ni mambo ya wakubwa. Sisi tungependa kuona pamba ya Shinyanga ikivaliwa Shinyanga. Lakini mama ambaye leo anahitaji sare ya mwanawe hawezi kungoja kiwanda, wala hatuwezi kumlaumu anayemshonea iliyo kuukuu.

Hatari nyingine ni moto. Soko la Karume liliungua mwezi wa Januari 2022, na Gikomba imeungua mara nyingi tusizoweza kuzihesabu kwa vidole. Waliokuwa na mali yote kibandani waliamka bila kitu. Kwa hiyo kibandani pelekeni ya siku mbili au tatu. Iliyobaki ilale nyumbani, katika sanduku lenye kifuniko, na majani ya mwarobaini makavu kwa ajili ya nondo.

Wako wanaouliza wanunue nini kwanza, faida ikianza kuonekana. Wengi hukimbilia robota la pili. Sisi tungenunua cherehani. Zile za chuma za zamani, kama Singer za mkono, ambazo bado huonekana sokoni na kwa mafundi waliozeeka, hazitaki umeme, na fundi yeyote wa mtaani anajua kuzitengeneza. Kabla ya kulipa zungusha gurudumu taratibu: liende bila kukwaruza. Shona kipande cha khanga na kipande cha jinzi, tazama mshono juu na chini. Kama uzi wa chini unajikunja, huenda ni kulegeza skrubu tu, na huenda ni kitu kingine. Mwite fundi aione kabla fedha haijatoka mkononi.

Na yale mashati 60 yaliyomwagwa chini, yasiponunuliwa hata kwa Sh. 500? Pamba iliyokwisha hufaa kwa matambara ya kudeki na ya mafundi wa magari, ambao hununua kwa kilo. Sweta lililofumuliwa hutoa uzi wa soksi za mtoto. Vipande vya poliesta hujaza mto. Kabla ya yote hayo kateni vifungo, kila aina itungwe katika uzi wake, mvitie katika kopo. Shati la robota lijalo litakuja limepungukiwa kimoja, na dukani hawauzi kimoja.